Mchumi Asiyeitikia Baraka

Nianze na lile ambalo Bunda nzima ililijua: Mchumi alikuwa haitikiagi baraka. Padri akimaliza sala, kanisa zima linasema amina, yeye kafunga mdomo. Harusini mzee akinyanyuka na kibuyu, akawapulizia maharusi pombe ya mtama kifuani na kuwatamkia ya heri, watu wote wanaitikia kwa sauti moja, na yeye utamkuta ameshatoka nje anaangalia mbuzi. Wengine walisema Ulaya imemtoa Mungu moyoni. Wengine walisema ni majivuno ya elimu. Mimi nilifanya naye kazi, nikala naye viazi vya kuchemsha kwenye ghala la pamba, nikampenda kama baba, kisha nikamchukia, na ninawaambia kwamba wote walikosea.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, mama yake nani, hayo waulizeni watu wa Nyamuswa, ndiko kwao. Mimi namjua kuanzia siku niliyoingia ofisi ya masoko pale kiwanda cha kuchambulia pamba. Nilikuwa nimetoka kidato cha sita na kumaliza mwaka wangu wa kulitumikia taifa, nimekonda, nina cheti kizuri cha hesabu na mdomo usiotulia. Jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni lakini hakuna aliyelitumia. Meneja alimwita Ndugu Mchumi, wapagazi walimwita Mzee Mchumi, naye aliitika yote mawili ingawa wakati ule hakuwa na mvi hata moja.

Niseme mapema nilichokuwa nakitaka, maana ndicho kilichoniweka karibu naye na ndicho kilichotutenganisha. Nilitaka kwenda chuo kikuu kusoma biashara ya kimataifa na fedha, somo lile lile alilolisoma yeye. Sheria ya miaka ile ilikuwa kwamba mwanafunzi hatoki kidato cha sita akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza ufanye kazi, watu waone unaishi nao vipi, halafu tawi la chama likupendekeze na mkubwa wako wa kazi akupendekeze. Mmoja akikataa, basi. Baadaye wasichana walilegezewa, lakini sisi tuliokwisha kuajiriwa tukaambiwa tuko mikononi mwa waajiri wetu. Tawi la chama halikunitia wasiwasi, nililima shamba lao na kuimba kwaya yao mpaka sauti ikakauka. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mchumi.

Na alinifundisha. Hilo siwezi kumnyima. Saa ya chakula, wenzetu wakienda kwa mama ntilie, sisi tulibaki ghalani, yeye akichukua chaki ya kuandikia marobota na kuchora ukutani. Siku ya kwanza aliniuliza bei ya pamba inapangwa wapi. Nikamjibu inapangwa Dar es Salaam, serikalini. Akacheka puani, akafuta ukuta kwa kiganja.

"Mvuvi wa Rukuba ana samaki, hana unga," akasema. "Mtu wa Nyamuswa ana mtama, hana samaki. Wakikutana sokoni Musoma wataelewana tu, kwa sababu kila mmoja anaiona njaa ya mwenzake. Sasa weka katikati yao mtu asiyekula samaki wala mtama, ila ana meli. Huyo ndiye niliyekwenda kumsoma."

Kwa namna hiyo alinipitisha kwenye mambo ambayo baadaye nilisikia watu wanalipiwa ndege ili wakayasome. Fedha za kigeni alinifundisha kwa betri za redio. Alisema mkulima wetu anauza pamba ili nchi ipate fedha isiyochapishwa hapa, na kwa fedha hiyo nchi inunue betri. Pamba ikishuka bei, betri zinaadimika madukani, na mkulima hana tena redio ya kusikia kwamba pamba imeshuka. Nilicheka. Yeye hakucheka, na nilipotazama vizuri nikaona hakuwa anatania.

Alikuwa na redio yake mwenyewe, ameifunga kwenye kitambaa. Kila jioni aliisogeza sikioni na kutafuta stesheni za mbali zinazosoma bei za mazao kwa Kiingereza cha haraka haraka. Betri zikiisha nguvu alizianika juani juu ya bati siku nzima, kama tulivyofanya wote, apate dakika chache za jioni. Ila bei aliyoisikia hakumwambia mtu. Mkulima akimsimamisha njiani, amvulie kofia, amwulize mwaka huu vipi, jibu lilikuwa moja: "Tutaona." Umwulize kama mvua itanyesha, tutaona. Umwulize kama atakuja msibani, tutaona, na atakuja, tena atakuwa wa kwanza kushika jembe la kaburi.

Vituko vyake vilikuwa vingi. Alikuwa na koti zito la nchi za baridi, akilivaa masika, linanuka kondoo. Pamba alikuwa anaisema vibaya kuliko mtu yeyote niliyemjua, alisema ni zao la kumlimia jirani usiyemjua, lakini akiona kipande kimedondoka barabarani kutoka kwenye lori aliinama, akakiokota, akakitia mfukoni. Mifuko ya koti lile ilijaa pamba chafu. Mchoyo wa maneno, lakini chakula chake alikigawa chote. Viazi vilivyotoka Nyamuswa vikifika Jumatatu, Jumanne hana. Nilikuwa mbishi na alipenda nimbishie. Nikisema hapana, hesabu hiyo umekosea, uso wake ulifunguka, akaanza upya kuanzia juu. Katika ofisi ile ambayo watu walipiga makofi kabla meneja hajamaliza sentensi, mimi niliamini nimempata mtu wangu.

Miezi ikapita, nikaomba anipendekeze. Akasema nitakwenda, hakuna wa kwenda kama si mimi. Ni mara moja tu katika maisha yake niliyomsikia akisema jambo la kesho bila kusema tutaona, na nililala nikiwa nimeshaiona Dar.

Kilichoharibu ni gulio la Buswahili, kwetu. Tulikwenda na lori msimu wa kununua pamba, mimi nikiwa karani wa kupanga madaraja. Mkulima akileta mzigo unautazama, ukiwa mweupe na mkavu unaandika safi, ukiwa na madoa na majani unaandika fifi, na bei ya fifi inauma. Kila mwaka palikuwa na ugomvi. Mwaka ule niliamua kutowafokea. Kila niliyemwandikia fifi nilimwonyesha doa kwa kidole, nikamweleza nyuzi zile zinakwenda wapi na mwenye kiwanda huko anazitazamaje, kwa lugha ya nyumbani pale Kiswahili kilipokwama. Watu wakaacha kugombana. Wakaanza kukaa chini kunizunguka. Mzee mmoja ambaye mzigo wake wote niliuandikia fifi alinyanyuka mbele ya wenzake akasema, "Huyu binti akisema, mimi nimeridhika. Na mwaka kesho nitalima atakavyoniambia." Wenzake wakaitikia.

Mchumi alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Nilimgeukia nikitabasamu, nikitegemea sifa. Alikuwa amebadilika rangi. Akaenda kukaa kwenye lori mpaka tulipoondoka.

Wiki iliyofuata nikamkumbusha barua yangu ya mapendekezo. "Tutaona," akasema.

Nilidhani ni uchovu. Nikangoja, nikauliza tena, tutaona. Muda wa maombi ukafungwa. Mwaka uliofuata nikaanza mapema, tawi la chama likaandika pendekezo la kwao na kupiga muhuri, nikaliweka mezani kwake. Likakaa pale chini ya jiwe la kuzuia karatasi mpaka likapata rangi ya chai. Na wakati huo huo akampendekeza kijana wa stoo ambaye hata kugawanya kwa kumi kulimtoa jasho. Akampendekeza karani wa mizani, mlevi aliyenuka gongo asubuhi. Wote wakaenda. Nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi, nikamwuliza kosa langu. Akasema sina kosa. Nikamwuliza kama ni kwa sababu mimi ni mwanamke. Akasema siyo hilo, na macho yake yalikuwa mekundu, na hilo lilinitia hasira zaidi kwa sababu mwenye haki ya kulia pale nilikuwa mimi. Masomo ya ghalani yakafa. Nikaanza kula kwa mama ntilie na wenzangu.

Kwetu mwanamume akiwa mgumu huendi kumshtaki kwa mkubwa wake wa kazi, wala kwa padri. Unamshtaki kwa dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni. Nikapanda basi asubuhi nikaenda Nyamuswa. Nilimkuta mama mrefu, mkavu, anapepeta mtama uani, akanikaribisha, akanipa uji, akaniacha niseme yote bila kunikatiza. Nilipomaliza akaweka ungo chini, akaniambia habari ambayo Bunda hakuna aliyeijua.

Alisema baada ya uhuru wakulima wa ushirika walikuwa na swali moja lililowasumbua: bei ya pamba yetu inapangwa na nani? Wakakubaliana kila kijiji kitoe sehemu ya mavuno, apelekwe kijana mmoja ng'ambo akasome mambo hayo, arudi nayo. Akachaguliwa mdogo wake. Aliposoma na kurudi, walikuja watu kutoka kila upande, ng'ombe akachinjwa, na mzee mkuu akachukua kibuyu ili ambariki. Akampulizia pombe kifuani, akatamka, "Umetuletea bei. Pamba itapanda."

Sasa baraka ina utaratibu wake. Anayebarikiwa huitikia kwa maneno yale yale. Ukinyamaza umeikataa, ukiyageuza umelaani watu wako. Mchumi alikuwa na vitabu vyote kichwani, alijua bei inaelekea kushuka, alikuwa ameisoma kwa macho yake kabla hajapanda meli. Lakini mzee amesimama mbele yake, pombe inamtiririka kifuani, watu wanangoja. Akaitikia, "Itapanda." Uwanja mzima ukaitikia, itapanda.

Kwa wazee ile ilikuwa baraka, kama unavyomwambia mtu uzae mapacha. Kwa watu wengine waliokuwa uwanjani, yule ni msomi wao, wamemtuma kuuliza na amerudi na jibu. Msimu ulipofika wakang'oa mtama. Wakalima pamba mpaka mlangoni. Mchumi alikuwa ameshapewa kazi mjini Musoma, akasikia, akaja mbio, akamwendea mzee mkuu amwombe aitengue. Mzee akamwambia baraka haitenguliwi. Ukiitengua, lolote litakalotokea litakuwa umelileta wewe. Akarudi Musoma. Bei ikashuka, na mvua nayo ikakataa, na pamba hailiwi. Dada mtu alisema yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele kung'oa, angesitaje wakati aliyesema ni ndugu yake wa tumbo moja. Kitinda mimba wake walimzika kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Nyumba nyingine nazo zilizika.

"Hakuna aliyemlaumu, mwanangu," akaniambia. "Walisema ni Mungu. Wangemlaumu angepona."

Nilirudi Bunda siku ile ile. Sitadanganya kwamba moyo wangu ulilainika. Nilimwonea huruma, ndiyo, nililia ndani ya basi kwa ajili ya yule mtoto nisiyemjua. Lakini nilijiuliza pia, haya yote yananihusu nini mimi na barua yangu? Dada mtu alikuwa ameniahidi kuja kusema naye, akatimiza, alikuja na kuku mkononi, akafunga mlango wa ofisi, wakakaa humo muda mrefu. Alipotoka alinitazama, akatikisa kichwa.

Haikupita muda vyama vya ushirika vikavunjwa, ofisi ikapewa sura mpya na jina jipya, tukaambiwa kila mmoja aripoti upya. Mchumi hakuripoti. Walisema amekwenda Mwanza, walisema amerukwa na akili, walisema amevuka mpaka. Mkubwa mpya alisoma jalada langu akasema hanifahamu, nihesabu miaka yangu ya kazi kuanzia kwake. Wakati naihesabu nikaolewa, nikazaa, mume wangu akaugua, nikaacha kazi nimwuguze, akafa. Wasichana niliowazidi darasani wakarudi kutoka Dar na viatu virefu. Ndivyo maisha yangu yalivyokwenda, na sijapata hata leo namna ya kuyasema kwa upole.

Nilimwona tena miaka ile ya maduka matupu, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana. Nilikuwa nauza dagaa sokoni Musoma, na siku hiyo nilivuka mwenyewe kwenda kisiwa cha Rukuba kuwanunua kwa wavuvi mwaloni, boti zinapofikia. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya majabali kisiwa kizima. Mwanamume mmoja mzee, miguu imevimba, alikuwa amekaa na fimbo akifukuza ndege wasile dagaa wa watu. Wavuvi walimwita Babu. Nilimwuliza mmoja wao babu wa nani, akasema wa mtu yeyote, alikuja siku nyingi, hajui hata kusoma.

Nikamsogelea. "Shikamoo."

"Marahaba." Alinitazama usoni. Kisha akauliza, bila kunisalimia tena, bila kutaja jina langu wala lake, "Ulienda?"

Nilisimama pale nikiwa na gunia tupu mkononi. Miaka yote nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia siku nikimpata, mengine ya matusi. Sikujua kwamba angeniuliza hilo. Kumbe naye alikuwa anangoja kujua.

"Sikwenda," nikasema.

Akainamisha kichwa. Nikamwambia sasa anieleze, hapa hakuna meneja, hakuna tawi, hakuna wa kutusikia zaidi ya ndege. Kwa nini mlevi aende, mimi nisiende?

"Wale wakirudi hakuna atakayewaamini," akasema polepole. "Wewe wangekuamini. Niliona pale Buswahili. Wangekusimamisha mbele ya wazee, wakuitikishe, halafu walime. Nilikuwa nakuzuia wewe, na wao."

"Mimi ningewaambia hapana."

"Mbele ya mzee mwenye kibuyu?"

"Mbele yake. Ningesema bei itashuka, limeni mtama. Wangenifukuza, wangeniita mchawi, ningekwenda zangu. Lakini ningekuwa nimesema."

Alinyanyua uso akanitazama kama mtu anayesoma hesabu yake upya, anatafuta alipokosea. Ndege walishuka kwenye dagaa, hakuwafukuza.

"Hilo sikuliwaza," akasema. "Nilidhani kila mtu angeitikia."

Nilienda kwa wavuvi, nikapatana nao, nikafungasha gunia langu, na wenye boti wakaanza kuita abiria. Alinifuata mpaka majini akiburuta miguu yake ile, akanishika mkono, akaniuliza kama bado upo muda, kama akiandika leo watapokea. Alikuwa hana ofisi wala muhuri, na mimi nilikuwa na watoto watatu na meno mawili yaliyong'oka. Nikamwambia boti linaondoka.